Kampuni imeandika gharama ya hisa zetu kwa miaka mitatu, sisi hatujapata hata senti. Hiyo hela imekwenda wapi?

#1 FundiMitambo (Dar)
Wakuu habari. Nipo kampuni moja iliyosajiliwa soko la hisa, siitaji. Mwaka 2021 tulipewa barua za haki ya kununua hisa. Mimi nilipewa hisa 2,000 kwa bei ya shilingi 1,200, na masharti yalikuwa kubaki kazini miaka mitatu ndipo haki iive. Nimebaki. Zimeiva 2024. Leo hisa iko 780 sokoni, sasa ninunue kwa 1,200 kitu cha 780 kwa akili gani?

Haya, juzi nikapitia taarifa ya mwaka ya kampuni, ile iliyochapishwa kwa wanahisa. Nakuta mstari umeandikwa gharama za malipo ya wafanyakazi kwa njia ya hisa, na umepunguza faida miaka yote mitatu. Bonasi yetu inategemea faida. Kwa hiyo bonasi imepungua kwa sababu ya hisa ambazo hazijanipa chochote. Naomba anayejua uhasibu anieleze taratibu, hela ilitoka mfuko gani ikaingia mfuko gani?

#2 Kapepo
Imeingia mfuko wa wakubwa mkuu. Uzi ufungwe.

#3 MamaLeja (Dodoma)
Usifungwe, swali ni zuri sana na wengi hawaliulizi.

FundiMitambo, hakuna hela iliyotoka. Angalia taarifa ya mtiririko wa fedha kwenye kitabu hicho hicho, utakuta kiasi hicho kimerudishwa juu kwa sababu si fedha taslimu. Kilichotoka ni kazi yako. Kampuni ilikulipa kwa vitu viwili, mshahara na ahadi. Mshahara unaandikwa gharama mwezi ule ule. Ahadi nayo inaandikwa gharama, lakini inagawanywa kwenye miaka unayoifanyia kazi ili iive. Upande wa pili hauendi kwenye benki wala kwenye madeni, unaingia kwenye mtaji, kwenye akiba maalum ya hisa za wafanyakazi. Ndivyo kinavyotaka kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 2, kilichotolewa Februari 2004 na kuanza kutumika Januari 2005.

Angalia maelezo ya nyuma ya hesabu, wametaja thamani ya kila haki siku ilipotolewa. Tuletee hiyo namba.

#4 FundiMitambo
Dada nimeiona. Shilingi 300 kwa kila haki.

#5 MamaLeja
Basi hesabu yako ni 2,000 mara 300, laki sita. Kwa miaka mitatu ni laki mbili kila mwaka kwa kichwa chako wewe.

Sasa tuseme mlipewa watu 100, kila mmoja kiasi hicho. Mwaka wa kwanza kampuni inakadiria 80 ndio watabaki. 80 mara laki sita ni milioni 48, theluthi yake milioni 16, hiyo ndiyo gharama ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili watu wanaondoka kwa kasi, wanakadiria watabaki 70. Jumla mpya milioni 42, theluthi mbili ni 28, toa 16 iliyokwisha andikwa, mwaka wa pili unabeba milioni 12. Mwaka wa tatu unaisha wamebaki 75. Jumla milioni 45, toa 28, mwaka wa tatu unabeba 17.

Umeona kinachobadilika? Ni idadi ya watu. Ile 300 haiguswi tena tangu siku ya barua. Hisa ikipanda mpaka 3,000 ni 300, ikishuka mpaka 780 ni 300.

#6 MchambuziSoko
Na hapo ndipo mimi napogombana na hicho kiwango, kwa heshima zote dada. Hisa imeshuka, haki haina thamani, na gharama hairudishwi. Fundi kapata sifuri, kitabu kinasema kalipwa laki sita. Kitabu kinachosema mtu kalipwa ambacho hakulipwa, tukiiteje?

Mimi ni mwanahisa mdogo sokoni Dar. Kwa mtazamo wangu gharama ya haki hizi naibeba mimi, si kampuni. Siku wafanyakazi wakinunua hisa mpya kwa bei ya chini, kipande changu kinachujuka, ni kama uji uliotiwa maji baada ya kuiva. Hilo tayari linaonekana kwenye faida kwa kila hisa, maana idadi ya hisa inaongezeka. Ukipunguza faida kwa gharama ya haki, halafu ukaigawanya kwa hisa nyingi zaidi, umenipiga mara mbili kwa kosa moja.

#7 Mjoli_Mwanza
Mchambuzi, tuseme kampuni ingewauzia watu wa nje haki hizo hizo sokoni kwa 300 kila moja, ikapata milioni 60 taslimu, kisha ikawapa wafanyakazi milioni 60 hizo kama mshahara. Hapo ungekubali kwamba mishahara ni gharama na pia kwamba hisa zako zimechujuka. Hayo ni mambo mawili, kutoa hisa na kulipa watu. Kampuni imeyafanya kwa mpigo mmoja bila kupita benki. Kupita au kutopita benki hakubadilishi kilichotokea.

#8 Nyambura_K (Nairobi)
Salamu kutoka Nairobi. Mimi nimefanya kazi mahali tulipewa zile za kulipwa pesa, sisi tuliziita hisa kivuli. Hupewi hisa yenyewe, unalipwa tofauti ya bei mwishoni. Nilidhani ni kitu kimoja na ya FundiMitambo, kumbe hesabu zake ni tofauti kabisa. Kwetu kampuni iliandika deni, na kila mwisho wa mwaka deni linapimwa upya kulingana na bei ya soko. Bei ilipoanguka, deni likashuka na gharama ikarudishwa kwenye faida. Tulikosa pesa, na kampuni nayo haikubaki na gharama vitabuni.

Kwa hivyo Mchambuzi anachotaka kipo, ila ni kwa mpango wa pesa taslimu.

#9 MchambuziSoko
Asante Nyambura, umenipa silaha. Ahadi mbili zenye faida ile ile kwa mfanyakazi, moja inafutwa bei ikianguka, nyingine haifutwi. Mantiki iko wapi?

#10 MamaLeja
Kwenye pesa taslimu kampuni inadaiwa, na deni lazima lionyeshe kinachodaiwa leo. Kwenye hisa kampuni haidaiwi pesa. Imetoa kipande cha umiliki siku ile, na mpokeaji amekuwa kama mwenye mali mtarajiwa. Mwenye mali akipata hasara sokoni, hasara ni yake, kampuni haiandiki. Wewe Mchambuzi ukinunua hisa kwa 1,200 zikashuka 780, kampuni inaandika kitu?

#11 MchambuziSoko
Haiandiki. Lakini mimi nilitoa 1,200 kwa hiari yangu. Fundi alitoa miaka mitatu ya maisha.

#12 FundiMitambo
Hapo umenena kaka.

#13 KijanaSeattle
Niko huku Marekani, jimbo la Washington, kwenye mambo ya kompyuta. Huku mjadala huu waliupigana miaka mingi kabla yetu. Kampuni za teknolojia zilikuwa zinagawa haki za hisa kwa maelfu ya watu na vitabuni hazionyeshi gharama hata dola, kwa sababu kanuni ya 1972 ilisema ukitoa haki kwa bei ile ile ya soko siku hiyo, thamani yake ni sifuri. Ikabadilishwa 1995 ikawa lazima kuandika gharama. Ndiyo maana Microsoft mwaka 2003 wakaacha haki za kununua wakaanza kugawa hisa zenyewe. Hisa yenyewe hata ikishuka nusu bado una kitu, lakini haki, bei ya soko ikiwa chini ya bei ya kununulia, huna kitu. FundiMitambo, kampuni yenu ingewapa hisa zenyewe leo usingekuwa unauliza.

#14 MamaLeja
Mdogo wangu sahihisho. 1995 haikuwa lazima. Bodi ya viwango ya Marekani ilitaka iwe lazima, ikapigwa vita mpaka Baraza la Seneti likapiga kura mwaka 1994, 88 kwa 9, kuipinga. Bodi ikarudi nyuma, ile ya 1995 ikapendekeza tu, na asiyetaka akaruhusiwa kuweka namba kwenye maelezo ya nyuma. Lazima imekuja na kiwango cha Desemba 2004, baada ya kampuni ya Enron na wenzake kuanguka na watu kupoteza imani. Coca-Cola walitangaza 2002 wataandika gharama kwa hiari yao.

#15 KijanaSeattle
Nimekosea dada, asante. Wanasiasa kupigia kura kanuni ya uhasibu, makubwa.

#16 Kapepo
Hapa kwetu wanapigia kikokotoo cha pensheni.

#17 MzeeReli (Tanga)
Kijana umenichokoza. Nilikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa Arusha 1984, na ndani yake kila nchi ikabeba mafao ya watu wake. Mnajua wazee tumehangaika miaka mingapi kudai? Wenzangu wamekufa na mafaili mikononi. Kwa hiyo nikisikia vijana mnalalamika kampuni imeandika gharama mapema mno, mimi nasema ahsante Mungu kuna mtu anaandika. Ahadi isiyoandikwa popote ndiyo iliyotuua.

#18 BintiPwani (Unguja)
Shikamoo mzee. Umesema neno zito. Babu yangu alikuwa Posta na Simu, faili lake bado tunalo nyumbani.

#19 MzeeReli
Marahaba mwanangu. Litunzeni.

#20 Mtakwimu_Bima
Mzee ametugusa, na kwa sababu amefungua mlango wa mafao niongeze kidogo, ndiyo kazi yangu.

Hisa zina IFRS 2, mafao mengine ya mfanyakazi yana IAS 19. Humo mipango ni ya aina mbili. Wa kwanza, mwajiri anatoa mchango wake na basi, kitakachotokea baadaye si mzigo wake. Wa pili, mwajiri ameahidi kiasi, mathalani mshahara wa mwisho mara miaka ya kazi mara asilimia fulani. Huo wa pili ndio unaotuletea sisi mkate. Tunakadiria mishahara itakuwa kiasi gani utakapostaafu, utaishi miaka mingapi, wangapi wataacha kazi, kisha yote tunayarudisha kwenye thamani ya leo kwa riba. Kiwango kinataka riba ya hati fungani za kampuni imara sana, na pasipo na soko pana la hati hizo, kama kwetu, tunatumia za serikali. Riba ikishuka kidogo, deni linavimba, na hakuna aliyeajiriwa wala aliyestaafu.

Zamani kampuni ziliruhusiwa kuficha sehemu ya mabadiliko hayo nje ya vitabu na kuyaingiza kidogo kidogo. Marekebisho ya 2011, yaliyoanza 2013, yalifuta ruhusa hiyo. Deni lote linaonekana kwenye mizania, na kupanda na kushuka kwa makadirio kunapita kwenye mapato mengine jumuishi, hakugusi faida ya mwaka.

#21 Mwl_Kigoma
Kwa hiyo PSSSF, mfuko wetu wa pensheni watumishi wa umma, ni ya aina ya pili? Maana wanatumia fomula.

#22 Mtakwimu_Bima
Swali zuri mwalimu. Ukiangalia kutoka kwa mstaafu, ni fomula. Ukiangalia kutoka kwa mwajiri, ni mchango tu, asilimia 15 yake na 5 yako, akishalipa amemaliza. Mwajiri wa sekta binafsi anayechangia NSSF naye akishalipa mchango wake amemaliza. Ndiyo maana hata kampuni kubwa zenye wafanyakazi maelfu huoni deni la pensheni kwenye mizania zao. Deni lipo, liko kwenye mfuko.

#23 Mwl_Kigoma
Na fomula ikibadilishwa mfuko unapumua, mwalimu anakosa pumzi. 2018 mkupuo, ile sehemu ya pensheni unayolipwa mara moja ukistaafu, tuliambiwa asilimia 25, kelele zikapigwa, ikasitishwa. Julai 2022 ikaja 33 kwa wote. 2024 wakatuongeza mpaka 40 sisi tuliokuwa na 50 zamani, na wenzetu waliokuwa na 25 wakapewa 35. Nimebakiza miaka minne. Kila bajeti nakaa karibu na redio.

#24 Kapepo
Mwalimu kikokotoo kina nyuzi zake hamsini humu, turudi kwenye hisa za Fundi. Pole lakini, kwa dhati.

#25 Wakili_wa_Mtaa
Kabla hatujarudi, kuna mafao watu wanayasahau kabisa kwa sababu ni madogo. Likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka. Kama kampuni inaruhusu siku zisizotumika zihamie mwaka unaofuata, kila siku unayodai inapaswa kuwa imeandikwa kama deni. Na kiinua mgongo cha kuachishwa ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Nilikuwa na mteja, fundi umeme, mwajiri wake alikana kwamba anadai siku 40 za likizo. Tukaomba hesabu zilizokaguliwa. Deni la likizo lilikuwepo na jedwali lina jina lake na siku zake. Kesi ikaishia kwenye meza ya usuluhishi. FundiMitambo, vitabu vya kampuni vinaweza kuwa shahidi wako.

#26 FundiMitambo
Wakili hiyo nimeinakili. Narudi kwenye langu. Hii 300 waliipata wapi? Mbona siku ya barua bei ya hisa sokoni ilikuwa 1,200 na haki yangu ni kununua kwa 1,200? Tofauti ni sifuri.

#27 Mtakwimu_Bima
Hiyo ndiyo hesabu ya kanuni ya 1972 aliyoitaja KijanaSeattle. Haki yako ina maisha, wacha nikisie miaka kadhaa. Ndani ya muda huo bei inaweza kupanda, na ikipanda unafaidi bila kuwa umeweka mtaji. Ikishuka hupotezi chochote. Nafasi hiyo ina bei yake. Inakokotolewa kwa modeli, mara nyingi ya Black na Scholes ya 1973 au ile ya matawi, na vinaingia vitu sita: bei ya leo, bei ya kununulia, muda, riba, gawio, na jinsi bei inavyoyumba.

#28 MchambuziSoko
Inavyoyumba! Jamani, nakaa sokoni. Kuna hisa Dar zinapita wiki nzima bila kuuzwa hata moja. Bei haiyumbi kwa sababu hakuna mnunuzi, si kwa sababu imetulia. Unachukua data hiyo unaiweka kwenye modeli iliyoundwa kwa ajili ya soko linalouza kila sekunde. Hiyo 300 ingeweza kuwa 150 au 450 na mkaguzi angesaini. Kwangu mimi hoja si kama gharama iandikwe, ni kwamba namba yenyewe ni ya kubuni na bonasi ya Fundi imekatwa kwa namba hiyo.

#29 Mtakwimu_Bima
Sikatai ugumu wa soko lenye biashara chache. Kiwango kinaruhusu kuangalia kampuni zinazofanana kwenye masoko mengine. Lakini tukikataa makadirio, tutafuta pia uchakavu wa mashine, mikopo chechefu, na deni la pensheni. Sifuri nayo ni makadirio, na ndiyo mabovu kuliko yote.

#30 Nyambura_K
Kuna njia inayokwepa sehemu ya hilo. Safaricom wana mpango wa kuwazawadia wafanyakazi hisa kwa utendaji, hisa zinanunuliwa sokoni kupitia trasti, chombo kinachozishika kwa niaba yao, na kushikiliwa miaka mitatu. Hapo pesa inatoka kabisa na hisa mpya haziundwi, kwa hivyo uji wa Mchambuzi hautiwi maji.

#31 MchambuziSoko
Huo naukubali kwa mikono miwili.

#32 Mjoli_Mwanza
Na bado gharama inaandikwa kwa thamani ya siku ya kutolewa, si kwa pesa iliyonunulia. Trasti ikinunua ghali, tofauti inabaki kwenye mtaji. Kwa hiyo swali la Fundi la "mfuko gani" lina majibu mawili: mfuko wa pesa na mfuko wa faida havitembei pamoja.

#33 Zuhura_TZ
Mimi nipo kampuni tanzu, hisa tunazopewa ni za kampuni mama Ulaya. Kampuni yetu ya hapa haijatoa chochote, lakini gharama iko kwenye hesabu za hapa. Sahihi hiyo?

#34 MamaLeja
Sahihi. Kazi unaifanyia kampuni ya hapa, gharama inakaa hapa. Upande wa pili unaandikwa kama mtaji uliochangiwa na mama. Mama akija kudai arudishiwe fedha hizo, ndipo watu wa kodi, TRA, huwa na maswali.

#35 Kiptoo254
Kwa upande wa kodi Kenya, sheria ya fedha ya 2023 ilisaidia kampuni changa zinazostahiki. Mfanyakazi aliyepewa hisa badala ya pesa, kodi inaahirishwa mpaka miaka mitano, au auze, au aache kazi, lolote litakalotangulia. Kabla ya hapo ungelipia kodi karatasi ambayo huwezi kuiuza.

#36 Zuhura_TZ
Ingekuwepo na huku.

#37 Kapepo
MamaLeja, kuna mtu kazini aliniambia wafanyakazi wasipofikia malengo gharama yote inafutwa. Sasa mbona ya Fundi haikufutwa?

#38 MamaLeja
Inategemea lengo. Lengo likiwa la ndani, kama mauzo au kubaki kazini, lisipofikiwa gharama inarudishwa yote, hata zile za miaka iliyopita. Lengo likiwa bei ya hisa ifike mahali fulani, hilo lilishahesabiwa ndani ya ile thamani ya mwanzo, likikosekana hakuna kinachorudishwa. Fundi sharti lake lilikuwa kubaki, na alibaki. Alitimiza upande wake.

#39 MchambuziSoko
Alitimiza upande wake, na soko halikutimiza. Ndiyo maana bado nasema kamati ya bonasi itumie faida kabla ya gharama ya hisa. Kiwango hakiwakatazi.

#40 Mjoli_Mwanza
Wakifanya hivyo, wakubwa wenye haki nyingi kuliko Fundi ndio watakaofaidi zaidi. Fikiria tena.

#41 FundiMitambo
Nimekaa na barua usiku huu na mke wangu. Kuna kipengele sikuwahi kukisoma: haki inadumu miaka saba tangu kutolewa, yaani mpaka 2028, na nikiacha kazi nina siku 90 tu. Kwa hiyo haijafa, imelala. Na kanuni za bonasi nimeziomba kwa mkuu wa utumishi, kasema nije Jumatatu. Nataka kuona imeandikwa faida ipi.

#42 Zuhura_TZ
Siku 90! Ngoja na mimi nikatafute barua yangu.

#43 Wakili_wa_Mtaa
Fundi, Jumatatu omba nakala, usiridhike kuonyeshwa kwenye kioo cha kompyuta.